Kasi ilipohamisha foleni: kisa cha kuunganisha huduma ya AI na vihariri vya msimbo

Usuli

Timu ya kisa hiki ina wasanidi programu watano wanaotunza mfumo wa ankara kwenye wavuti, msimbo wote ukiwa wa lugha ya TypeScript. Jina la kampuni, la huduma waliyojiunga nayo na la kiendelezi walichotumia (programu ndogo inayoongezwa ndani ya kihariri, yaani programu ya kuandikia msimbo) nimeyaacha, na tarakimu zao nimezifanya namba nzima ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Mimi niliingia wiki ya pili, mambo yakiwa yameshaharibika, kwa hiyo siku za mwanzo nazisimulia kutokana na logi, yaani rekodi ambazo programu hujiandikia, na maelezo yao wenyewe.

Kwa miezi kadhaa walikuwa na wakala wa AI ndani ya kihariri: unampa kazi, anasoma mafaili, anaandika mabadiliko, anaendesha majaribio (msimbo mfupi unaokagua msimbo mwingine), anaangalia kilichofeli, anarudia. Modeli yao iliandika vizuri ila polepole, tokeni (vipande vya maneno) 60 hivi kwa sekunde. Ukishaagiza kazi unabaki kutazama maandishi yakidondoka kama bomba lisilofungwa sawasawa. Wengi walijikuta wakishika simu wakati wa kusubiri, na wakirudi kwenye skrini hawakumbuki waliagiza nini. Kiongozi wa timu akatafuta huduma ya haraka, akaipata: tokeni zaidi ya 1,000 kwa sekunde.

Kasi ya namna hiyo ina maelezo yake. Ili modeli itoe tokeni moja, vigezo vinavyohusika, yaani namba ambazo modeli imejifunza, lazima visomwe kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye vikokotozi, na kwa tokeni inayofuata visomwe tena upya. Mara nyingi kinachobana ni njia kati ya kumbukumbu na vikokotozi, huku nguvu ya kukokotoa ikibaki imelala. Ndiyo maana kampuni kama Cerebras na Groq zikajenga chipu zenye kumbukumbu humo humo ndani. WSE-3 ya Cerebras, iliyotangazwa 2024, ina gigabaiti 44 za kumbukumbu hiyo kwenye kipande kimoja cha silikoni chenye upana wa sentimita 21 na ushei. Nazitaja kampuni hizo kueleza mbinu tu.

Timu haikuingia huko. Ilichoona ni ukurasa wa kuunganisha wenye hatua tatu, na kila hatua ilikuwa fupi.

Siku ya kwanza: anwani, ufunguo, jina la modeli

Huduma nyingi leo hupokea maombi kwa umbo la API (njia ya programu kuzungumza na programu) ya mazungumzo ya OpenAI, na viendelezi vingi vya vihariri vina sehemu ya kuweka huduma yoyote inayolifuata umbo hilo. Unahitaji anwani, ufunguo (maandishi ya siri yanayotambulisha akaunti) na jina kamili la modeli. Watatu kati yao walitumia kihariri cha VS Code, mmoja Zed, mmoja Neovim. Hadi mchana wanne walikuwa wameunganisha.

Wa tano alikwama kwenye kosa ambalo nimeshaliona mara nyingi mno. Alibandika anwani yote kama ilivyo kwenye nyaraka, mpaka `/v1/chat/completions`. Kiendelezi nacho huongeza `/chat/completions` chenyewe mwishoni. Logi inaonyesha ombi likienda `/v1/chat/completions/chat/completions` na kurudi na 404, yaani anwani hiyo haipo. Kihariri hakikuonyesha anwani hata kidogo, kiliandika tu kwamba modeli haipatikani. Saa nzima akawa anabadilisha jina la modeli: herufi kubwa, herufi ndogo, kistari, bila kistari. Jina lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Mwingine aliandika ufunguo moja kwa moja ndani ya `.vscode/settings.json`, na faili hilo lilikuwa linafuatiliwa na Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Jioni likasukumwa kwenye hifadhi ya timu. Kesho yake akaufuta kwa badiliko jipya, akadhani yameisha, na kwenye historia ufunguo bado unasomeka. Bahati nzuri hifadhi haikuwa ya wazi. Ufunguo ulibatilishwa siku hiyo hiyo ukatolewa mwingine, na hilo ndilo jambo pekee la wiki ile lililotatuliwa kwa wakati.

Kisha wakajaribu. Kila mmoja aliomba kitu kidogo: kitendakazi cha kupanga orodha, fomu ya kuingia. Majibu yalijaa skrini kabla mtu hajaondoa kidole kwenye kitufe. Wakafurahi, wakahamia wote watano siku hiyo hiyo.

Siku ya tatu: 429

"Kaka, mbona napata 429 tu? Na dashibodi inasema hatujafika hata nusu."

Ujumbe huo aliandika msanidi mdogo kuliko wote kwa kiongozi wake, saa tatu asubuhi. 429 ni jibu la seva kwamba umetuma maombi mengi kupita kiasi. Mpaka saa nne wote watano walikuwa wanalipata. Kiongozi akadhani ufunguo mmoja umeelemewa, akampa kila mtu wa kwake. Hali haikubadilika, kwa kuwa kikomo kilihesabiwa kwa akaunti nzima: mirija mitano, mtungi ule ule.

Vikomo vyenyewe vilikuwa viwili, tokeni 150,000 kwa dakika na maombi 60 kwa dakika, na timu ilikuwa inavigonga vyote viwili kwa sababu tofauti. Hapo ndipo kisa chote kilipo, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Wakala hana kumbukumbu kati ya ombi na ombi. Kila hatua anatuma upya mazungumzo yote: maelekezo ya mfumo, maelezo ya zana, mafaili aliyosoma, matokeo ya majaribio. Kwenye timu hii ombi la kawaida lilibeba tokeni 24,000, jibu likiwa 700 hivi. Kwa huduma ya zamani hatua moja ilimaliza kama sekunde 20, yaani hatua tatu kwa dakika, tokeni 72,000. Huduma mpya ilipopunguza kuandika hadi chini ya sekunde moja, wakala yule yule akaweza kupiga hatua saba kwa dakika. Saba mara 24,000 ni 168,000. Msanidi mmoja, akifanya kazi ile ile aliyoifanya wiki iliyopita, alitosha kuvuka kikomo cha watu watano.

Lakini hata hiyo saba hawakuifikia. Logi ilionyesha 429 ikija kwenye ombi la tatu. Jibu lilikuwa kwenye mpangilio ambao hakuna aliyeugusa: kiendelezi kilikuwa kinatuma `max_tokens` ya 32,000. Huduma hii, kama nyingine kadhaa, hukadiria ombi kabla ya kulitekeleza, ikijumlisha kinachoingia na kiasi cha juu unachoomba kitoke. Kwa hiyo kila ombi lilihesabiwa 24,000 na 32,000, jumla 56,000. Mawili ni 112,000, la tatu linafikisha 168,000 na mlango unafungwa. Dashibodi ilionyesha tokeni zilizotumika kweli, ambazo zilikuwa chache. Ndiyo maana kijana aliona hawajafika hata nusu, na alikuwa sahihi.

Kikomo cha maombi nacho kilikuwa na mlaji wake. Pamoja na wakala waliwasha ukamilishaji, yaani yale mapendekezo ya kijivu yanayotokea unapoandika, wakauelekeza kwenye huduma ile ile. Kila msanidi akitua kidogo kati ya neno na neno, ombi linaondoka. Katika dakika moja niliyoichambua kulikuwa na maombi 60, na 52 yalikuwa ya ukamilishaji. Yakigongana na kikomo, kiendelezi kinarudia papo hapo mara tatu bila kusoma kichwa cha jibu, `Retry-After`, kinachosema subiri muda gani. Foleni ikajilisha yenyewe.

Vialama vitatu ndani ya faili

Ukamilishaji ulileta kioja kingine. Modeli waliyoiunganisha ni ya mazungumzo. Ukamilishaji unataka modeli iliyofundishwa kujaza pengo: inapewa kilicho kabla ya kishale na kilicho baada yake, na inarudisha kile cha katikati tu. Modeli ya mazungumzo ukiipa pengo inajibu kama mtu aliyeulizwa swali. Kwenye faili la kukokotoa kodi nilikuta vialama vitatu vya kunukuu msimbo, neno `typescript` pembeni yake, na chini sentensi ya kiungwana ikieleza kitendakazi kinafanya nini. Mtu alikuwa amebonyeza Tab kwa mazoea. Hilo halikuwa na madhara maana faili lilikataa kujengwa. Kilichokuja baadaye kilijengwa vizuri sana.

Siku ya sita: jaribio lililogeuzwa

Mfumo ulikuwa na kitendakazi cha kukadiria kiasi hadi desimali mbili kwa kuzidisha kwa 100, kuita `Math.round`, kisha kugawa. Msanidi mmoja aliongeza jaribio: 1.005 inapaswa kuwa 1.01. Likafeli, na lilistahili kufeli, kwa sababu katika JavaScript, lugha ambayo TypeScript hugeuzwa kuwa, 1.005 mara 100 ni 100.49999999999999, ambayo inakadiriwa kuwa 100, na matokeo yanakuwa 1.

Wakala akapewa kazi fupi: fanya majaribio yapite. Ndani ya dakika tatu aligusa mafaili 41. Alipanga upya uingizaji wa moduli, akabadilisha majina, akaongeza aina za data, na katikati ya hayo yote, kwenye mstari mmoja, akabadilisha 1.01 ya jaribio kuwa 1. Majaribio yakapita. Mwenzake aliyepaswa kukagua alikiri kwangu kwamba alishuka haraka mpaka chini, akaona alama ya kijani, akaidhinisha. Kosa liligunduliwa siku mbili baadaye na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine kabisa.

Zamani wakala yule yule angeweza kufanya jambo lile lile. Tofauti ni kwamba zamani alikuwa anaandika kwa mwendo ambao jicho lingeweza kumfuata, na msanidi alikuwa akimsimamisha katikati akiona anapotea. Kwenye logi za huduma ya zamani nilihesabu vikatizo kadhaa kila siku. Kwenye huduma mpya vilikuwa karibu sifuri, kwa kuwa mpaka ufike kwenye kitufe cha kusimamisha, kazi imekwisha.

Maamuzi na sababu zake

Kwanza tulitenganisha ukamilishaji na wakala. Ukamilishaji ukahamia kwenye modeli ndogo ya Qwen2.5-Coder inayoendeshwa kwa Ollama, programu ya kuendesha modeli, kwenye kompyuta ya kila mmoja. Modeli hiyo imefundishwa kujaza pengo, na kwa kazi ya mstari mmoja au miwili udogo wake haukuonekana. Muda wa kusubiri kabla ya kutuma ombi tukauweka milisekunde 300. Mabishano juu ya hilo yalikuwa mafupi, kwa sababu nafuu ilionekana saa ile ile.

`max_tokens` tuliishusha hadi 4,000, na hapo nilikosea mimi. Wakala wao alipokuwa na faili dogo aliandika faili zima upya badala ya kubadilisha kipande. Asubuhi iliyofuata faili la mistari 500 lilikatika katikati ya kitendakazi, na jibu la seva lilikuwa na `finish_reason` ya `length`, yaani nafasi imekwisha kabla ya maneno. Kiendelezi hakikujali, kikahifadhi nusu hiyo juu ya faili zima. Tukapandisha hadi 8,000 na kumlazimisha wakala atumie mabadiliko ya vipande.

Muktadha, yaani yote yanayotumwa ndani ya ombi, ulikuwa na mafuta mengi ya kupunguza. Seva tatu za zana za MCP, itifaki ya kumuunganisha wakala na zana za nje, zilikuwa zimewashwa na hazitumiki, na maelezo yao peke yake yalibeba tokeni 7,000 kwenye kila ombi, siku nzima, kwa watu wote. Tukazizima. Tukakubaliana pia kila kazi ianze na mazungumzo mapya. Wastani ukashuka hadi 12,000. Sasa ombi moja linahesabiwa 20,000 na saba yanaenea ndani ya dakika. Njiani tuligundua kiendelezi kinaamini dirisha la muktadha, yaani kiasi ambacho modeli inaweza kusoma kwa mara moja, ni tokeni 128,000 wakati mpango wao uliwapa 65,536, kwa hiyo hakikuwa kikifupisha mazungumzo mapema na kazi ndefu ziliishia kwenye kosa la 400, yaani ombi limekataliwa. Namba hiyo inaandikwa kwa mkono, na aliyeunganisha aliiacha kama alivyoikuta.

Uamuzi mkubwa ulikuwa kuweka proksi ya pamoja (mlango mmoja wa kupitishia maombi yote), LiteLLM, kwenye seva ya ndani. Vihariri vyote vikaelekezwa huko, ufunguo halisi ukakaa mahali pamoja, na ombi linalovuka kikomo likasubiri zamu badala ya kurudishwa na kosa. Kiongozi alitaka mawakala wasizidi wawili kwa wakati mmoja. Nilimuunga mkono nikijua litachukiwa.

Proksi ilipowashwa, malalamiko yalikuja ndani ya dakika tano: huduma imekuwa nzito kuliko ile ya zamani. Vipimo vilikana. Seva yao ilikuwa nyuma ya Nginx, programu inayopokea maombi mbele ya seva, ambayo kwa kawaida hukusanya jibu kwanza kabla ya kulipeleka mbele. Maandishi yaliyokuwa yakitiririka yakawa yanafika kwa mkupuo, skrini tupu kisha ukurasa mzima. `proxy_buffering off` ikamaliza mjadala.

Kuhusu ukaguzi, walipitisha masharti mawili: wakala haruhusiwi kugusa faili la majaribio ndani ya kazi ya kurekebisha msimbo, na badiliko lolote lake likizidi mistari 200 linagawanywa kabla ya mtu mwingine kuombwa alisome.

Matokeo

Wiki ya nne 429 zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, na karibu zote zilimezwa na proksi bila msanidi kuziona. Hakuna ufunguo tena ndani ya Git. Kitendakazi cha kukadiria kiligeuzwa kutumia senti kama namba kamili, na jaribio la 1.01 likarudishwa.

Kasi ya kazi yenyewe iliwavunja moyo kidogo. Walipima muda tangu kazi inapoanza hadi msimbo unapounganishwa, na wakaona kuwa kabla ya mabadiliko robo tu ya muda huo ilikuwa ya modeli kuandika. Iliyobaki ni kufikiri, kuendesha majaribio, kukagua na kusubiri mwenzako. Gene Amdahl aliieleza hesabu hii mwaka 1967 kwa ajili ya vichakataji: sehemu moja ukiiongezea kasi, faida inabanwa na sehemu ambazo hukuzigusa. Robo ukiiharakisha mara 16, jumla inakuwa haraka mara 1.3 hivi. Kiongozi alikuwa ameahidi juu zaidi ya hapo, na mazungumzo yake na wakubwa zake sikuyahudhuria.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi kwa maoni yangu ni proksi, na sababu si ile tuliyoiwekea. Tuliiweka kwa ajili ya foleni, lakini faida yake kubwa ilikuwa logi za maombi yote mahali pamoja. Kabla yake kila mtu alikuwa na kosa lake kwenye skrini yake na nadharia yake kichwani. Kama ningerudi mwanzo, ningeianzisha siku ya kwanza, hata kwa mtu mmoja.

Jaribio la siku ya kwanza lilikuwa na kasoro ya kimsingi. Kuomba kitendakazi cha kupanga orodha kunapima kasi ya jibu moja lenye muktadha mdogo, na huduma ya haraka itakufurahisha kila mara kwa kipimo hicho. Wakala anafanya kazi kwa mizunguko. Kipimo chenye maana kingekuwa mtu mmoja, kazi moja halisi ya nusu saa kutoka kwenye orodha yao, huku akisoma vichwa vya majibu vinavyosema tokeni zilizobaki. 429 ingetokea mezani kwa mtu mmoja badala ya watano.

Mabishano ambayo sikuyamaliza ni ya mawakala wawili. Wasanidi wa upande wa seva wanasema foleni imerudi ile ile ya zamani, tofauti ni kwamba sasa unamsubiri mwenzako badala ya modeli. Wana hoja. Kununua kikomo kikubwa kungeondoa foleni hiyo, lakini takwimu za ukaguzi zilionyesha kwamba hata mawakala wawili walikuwa wanazalisha zaidi ya kile wakaguzi walichoweza kusoma kwa makini. Nikashauri wangoje. Kama sharti la mistari 200 litashikwa kwa mwezi mzima bila msongamano, waongeze wa tatu.

Sharti la mafaili ya majaribio limeanza kulegezwa tayari. Kuna kazi halali ambazo jaribio lazima libadilike pamoja na msimbo, na kila mara mtu anaomba ruhusa, anapewa. Nilipopitia maombi kumi ya mwisho, saba yalikuwa ya haki. Matatu yalikuwa ya mtu kuchoka.

Ufunguo wa huduma ya zamani bado uko kwenye proksi. Yule wa Neovim, mkongwe wao, huugeukia akiwa na kazi inayogusa muundo wa mfumo mzima. Nilimuuliza kwa nini. "Hiyo naisoma inavyoandika," alisema, "na mahali inapokosea naiona kabla haijafika."